Kamera ya Jikoni

Mama yake Ganza alisubiri mpaka mkwewe atoke uani kuanika nguo, ndipo akapandisha mkono wa blauzi. Juu kidogo ya kiwiko palikuwa na doa la zambarau lenye ukubwa wa kizibo cha soda, na kando yake jingine lililokwisha kuanza kugeuka manjano.

"Usimwambie mkeo," alisema. "Atadhani naleta maneno nyumbani kwake."

"Nani kakufanya hivi, mama?"

Mama, Bibi Nyiraneza, akatupa jicho jikoni, ambako msichana wa kazi alikuwa akisugua masufuria, akashusha sauti. "Mkishaondoka asubuhi ananifinya. Nikiomba maji ananifinya, nikinyamaza ananifinya. Na mguu huu nitamkimbilia nani, mwanangu?"

Ganza hakuwa mtu wa hasira za haraka. Alikuwa mkuu wa madai katika kampuni moja ya bima yenye ofisi juu ya maduka pale Sonatubes, na kazi yake ilikuwa kusoma maelezo ya watu waliogongwa na waliounguliwa, kisha kuamua nani anasema kweli. Lakini huyu alikuwa mama yake. Alimlea peke yake ukimbizini Karagwe, kwa maandazi ya kuuza kando ya barabara, na tangu kiharusi kimwachie mguu wa kuburuta, Ganza hakuweza kumtazama akivuka sebule bila kuinuka kumshika mkono. Akainuka aende jikoni akamtoe yule msichana nje hivyo hivyo, na mikono yake ya sabuni.

Trinah, mkewe, ndiye aliyemzuia. Alimkuta mlangoni, akamvuta chumbani, akamsikiliza mpaka mwisho na kapu la nguo bado kiunoni.

"Ukimfukuza leo, kesho atasema umemdhulumu," alisema. Trinah alikulia Mbarara na alipenda mambo yaliyonyooka. "Halafu atakwenda kumtesa mzee wa watu wengine. Wewe kazini hukubali dai lisilo na picha. Weka kamera."

Hilo lilimwingia. Wasichana wa kazi waliomtangulia huyu Iradukunda walikuwa wameondoka bila kuaga, mmoja baada ya mwingine, na kila mara mama alikuwa amegundua kitu kilichopotea: kitenge, redio ndogo, chupa ya mafuta ya kujipaka. Safari hii wangekuwa na kitu cha kuonyesha.

Fundi aliitwa Nasiri, mtu wa Biryogo, mpole, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, aliyekuwa amefunga kamera katika nusu ya maduka ya Kabeza. Trinah alimpeleka mama mkwe kwenye sala ya kina mama, Iradukunda akatumwa soko la mbali makusudi, na kufikia adhuhuri kazi ilikuwa imekwisha. Kamera ya sebuleni ilikaa ndani ya saa ya ukutani. Ya jikoni ilibandikwa darini ikafanana na kile kidude cha kunusa moshi. Moja iliwekwa mwisho wa korido na nyingine ikatazama ua. Kinasa picha chenyewe, sanduku jeusi lisilozidi ukubwa wa Biblia ya mezani, kilifichwa nyuma ya kabati la televisheni.

"Mama asijue," Ganza aliagiza. "Atakosa usingizi."

Jumatatu Nasiri alipanda ofisini Sonatubes kuweka programu kwenye kompyuta na simu ya Ganza. Chini ya dirisha madereva wa pikipiki walikuwa wakigombea abiria. Nasiri alivuta kiti, akaomba radhi kwa viatu vyake vyenye vumbi, akaanza.

"Lile sanduku bila programu ni kama jicho la kipofu, bosi. Linakodoa tu." Aliingiza namba ndefu aliyokuwa ameipiga picha mgongoni mwa kifaa, akasubiri, na skrini ikagawanyika vipande vinne. Nyumba ya Ganza ikatokea, kimya, kana kwamba ni ya watu wengine. Mama alikuwa kwenye kiti chake akitazama televisheni. Iradukunda alikuwa akipiga deki korido.

Nasiri akaandika majina chini ya kila kipande: Sebule, Jikoni, Korido, Ua. Akagundua tarehe ya kifaa iko nyuma kwa miaka mingi, akairekebisha. "Ikibaki hivi, siku ukipeleka picha mbele ya watu watakwambia mambo haya yametokea kabla nyumba haijajengwa." Kisha akageuza uso pembeni. "Sasa weka paswadi yako. Ile ya kiwandani usiiache, kila fundi anaijua."

Ganza akaandika jina la mama yake.

"Jikoni kuna kipaza sauti, nikiwashe?"

"Washa."

"Na hapa nachora mipaka." Nasiri alizungushia mstari mwekundu kiti cha mama, sehemu ya jiko, kisha kipande cha korido. "Mtu mwingine akiingia humu, simu yako itatetemeka. Huna haja ya kukaa unatazama kutwa nzima."

Lakini Ganza alikaa akatazama. Siku ile na iliyofuata alimwona Iradukunda akimletea mama uji, akiupuliza kwanza. Alimwona akipiga magoti kumkata mama kucha za miguu. Alimwona, alipobaki peke yake jikoni, akila haraka haraka amesimama, mgongo umeegemea mlango. Hakuona kidole kikimgusa mama kwa ubaya, na aibu yake ni kwamba jambo hilo lilimkera, kama anavyokerwa na dai lisilokamilika.

Katikati ya juma simu ikatetemeka. Jikoni. Ganza akaifungua kwenye kompyuta, akavaa visikilizio.

Iradukunda alikuwa akisonga ugali. Mama aliingia bila fimbo. Ule mguu aliouburuta kila jioni mbele yao ulikuwa ukikanyaga karibu sawasawa. Akafunga mlango nyuma yake, akasukuma komeo.

"Leta mkono," alisema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba chumvi. Iradukunda akaweka mwiko chini, akapandisha mkono wa sweta yeye mwenyewe, akanyoosha. Kutoka darini alama za moto za siku zilizopita zilionekana kama mistari ya penseli. Mama akachukua kijiko cha chuma kilichokuwa kimelazwa kwenye moto wa gesi.

"Hesabu. Ukikosea tunaanza upya."

"Moja," msichana alisema, na kijiko kikagusa. "Mbiri."

"Mbili."

"Mbiri, mukecuru," alisema, akimwita bibi kwa Kinyarwanda.

"Hujui kusema. Umekaa mjini muda wote huu na hujui kusema mbili. Anza upya."

"Moja. Mbi... mbiri."

Akaanza upya. Akaanza tena upya. Ulimi wake, wa mtu aliyekulia milimani kusini na Kinyarwanda chake, haukuweza kuipata ile herufi, na kadiri mkono ulivyotetemeka ndivyo herufi ilivyozidi kumkimbia. Hakupiga kelele. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mkono mwingine, na ugali ulikuwa unaungua.

Mama aliporidhika alirudisha kijiko mahali pake. Kisha akapandisha mkono wa blauzi yake, akashika nyama ya mkono, akaisokota kama mtu anayekamua nguo mbichi, macho yake yametulia kabisa. Akaitazama rangi inavyokuja. Akashusha blauzi, akafungua komeo, akatoka.

Ganza alivua visikilizio. Mlango ulikuwa umefunguliwa, na mwenzake Bayingana alikuwa amesimama pale na faili.

"Lile dai la mama wa Busanza, duka lililoungua. Tukubali?"

"Picha zipo?"

"Zipo."

"Basi kubali," Ganza alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida.

Alipobaki peke yake aligeuza kifundo cha mkono wake wa kushoto. Chini ya mkanda wa saa kulikuwa na kovu refu ambalo alikuwa amemwambia Trinah ni la kuangukia mafiga utotoni. Hata yeye alikuwa ameshaanza kuamini hivyo. Lakini ile sauti ya kuomba chumvi aliijua. Aliijua kabla hajajua kusoma. Yeye pia alihesabu, kule Karagwe, jioni ambazo maandazi hayakwisha. Alijaribu kukasirika kwa ajili ya yule msichana na hasira haikuja. Kilichokuja kilikuwa kitu kingine, kidogo na kichafu: alishukuru kwamba mkono ule haukuwa wake.

Jioni mama alimwonyesha doa jipya. "Umeona? Leo tena."

"Nimeona, mama."

Chumbani Trinah alimuuliza kamera zimeonyesha nini.

"Bado," Ganza alijibu. "Mtandao ulikuwa unakatika."

Alijiambia atazungumza na mama Jumamosi. Jumamosi akasema Jumapili baada ya ibada. Kila siku simu ilitetemeka na kila siku alifungua. Mara moja msichana alisimama peke yake chini ya kamera ya jikoni na kuinua uso moja kwa moja, kana kwamba anamtazama machoni. Ganza akafunga kompyuta haraka. Akajiambia kwamba msichana alikuwa anatafuta buibui.

Hatimaye alimkuta mama peke yake uani, akiota jua.

"Mama, huyu msichana tumwache aende kwao. Tutatafuta mwingine."

"Aende kwa nini? Nimeshamzoea."

"Si anakufinya?"

"Ananifinya, lakini anajua kupika." Mama alimtazama, macho yakawa membamba. "Una neno gani, baba? Sema."

Ganza, mtu wa miaka arobaini na kitu mwenye watu chini yake, alihisi maneno yakimgeukia mdomoni. Alitaka kusema nimeona. Alichosema kilikuwa: "Kuna kamera ndani ya nyumba, mama. Ziliwekwa kwa ajili ya usalama wako."

Mama hakushtuka. Alipapasa kitenge chake magotini, akakinyoosha.

"Zinaona wapi?"

Hapo ndipo angeweza kunyamaza. Baadaye, alipokuwa akijihesabia makosa yake, alikuwa akifika hapo na kusimama, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha. Lakini mama aliuliza, naye akajibu kama alivyojibu siku zote. Sebuleni inaona kiti na meza. Jikoni inaona kote, na inasikia. Ya korido iko mwisho, inatazama kutoka mlango wa mbele, haisikii.

"Anayetoka sebuleni kwenda bafuni inamwonaje?"

"Inamwona mgongo."

"Na bafuni?"

"Bafuni hakuna, mama."

"Vizuri," alisema Bibi Nyiraneza. "Bafuni si heshima."

Tangu siku hiyo jikoni kukawa na amani. Kwenye korido kamera ilionyesha mama akienda bafuni akimwegemea msichana begani, mlango ukifungwa, mlango ukifunguliwa baada ya muda. Iradukunda alitoka akiwa amebana mkono kifuani. Jambo jingine ni kwamba mama hakuonyesha tena madoa, na hilo Trinah aliliona.

"Amejua tunamchunguza," Trinah alisema akimaanisha msichana. "Au wewe hutazami. Nipe hiyo programu kwenye simu yangu, nitazame mwenyewe, na zile za nyuma zote."

Ganza alimwita Nasiri ofisini asubuhi iliyofuata. Alimwambia anataka kumwongezea mkewe nafasi ya kuona, lakini kwanza diski isafishwe, imejaa takataka.

"Kujaa si neno, bosi. Ikijaa inafuta yenyewe za zamani." Nasiri alifungua sehemu ya marudio kukagua, akabonyeza siku moja bila kuchagua, na spika za kompyuta zilikuwa wazi. *Leta mkono*, ikasema sauti ya mama. *Hesabu.* Nasiri alitazama. Aliiacha ikacheza mpaka pale msichana aliposema mbiri kwa mara ya pili, kisha akaizima, na wote wawili wakasikia pikipiki za chini.

"Huyu binti ana ndugu hapa mjini?" Nasiri aliuliza.

"Nimekuita kwa kazi, Nasiri."

"Ndiyo, bosi."

Akaonyesha njia: mipangilio, hifadhi, diski. Akaweka alama kwenye kisanduku. Skrini ikauliza kama mtumiaji ana uhakika, kwa kuwa vyote vilivyorekodiwa vitapotea na havitarudi. Nasiri akaondoa mkono kwenye kipanya, akauweka pajani.

"Hapo bonyeza mwenyewe."

Ganza akabonyeza. Mstari wa buluu ukatembea polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Nasiri akamwongeza Trinah kwenye programu, akakusanya vitu vyake na kuondoka bila kupeana mkono. Kila Ganza alipompigia simu baadaye, iliita mpaka ikakatika.

Haukupita muda mrefu. Trinah alikuwa kazini benki simu yake ilipotetemeka, na alichokiona kilikuwa hiki: korido, mgongo mpana wa mama mkwe na fimbo yake, na mbele yake, kando ya mlango wa bafuni, uso ukiwa umegeukia kamera, Iradukunda. Msichana alikuwa amekunja uso. Ghafla akasukuma kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, na mama akaenda chini kama mzigo. Msichana akabaki amesimama juu yake, akihema.

Mikono ya mama, iliyokuwa mbele yake, haikuonekana. Wala haikuonekana ilikuwa imeshika nini, wala ilikuwa inavuta kuelekea wapi.

Trinah alipiga simu polisi kabla hajampigia mumewe. Ganza alipofika nyumbani, mama alikuwa kwenye kochi na barafu nyongani, majirani wamejaa, na Iradukunda amekalishwa chini sakafuni karibu na mlango. Trinah alikuwa akimwonyesha ofisa simu yake, akirudia kile kipande tena na tena.

Kituoni waliwakalisha kwenye benchi moja. Ofisa alikuwa mtu mtaratibu aliyeandika bila haraka. Alimuuliza msichana kama ni yeye aliyesukuma.

"Ni miye," Iradukunda alisema. "Arikuwa ananivuta bafuni. Miye nimechoka bafuni." Akapandisha mikono ya sweta, yote miwili. Ofisa aliacha kuandika.

"Huwa anajiunguza," mama alisema kwa upole kutoka kwenye kiti alichopewa. "Ni mzito wa mikono, huyu mtoto. Kila siku namwambia aangalie moto."

Trinah aliitazama ile mikono, akamtazama mumewe.

"Bosi iko na kamera jikoni," Iradukunda alisema. Alimgeukia Ganza, na usoni mwake hapakuwa na chuki. Hapo ndipo Ganza alipoelewa yule msichana hakuwa akitafuta buibui. "Niriiona ire siku nimetoka soko. Kuna taa ndogo nyekundu. Nikajua bosi ameiweka juu yangu, kunisaidia. Nikangoja. Muangarie za zamani, afande. Yeye ariona yote."

Ofisa akageuka. "Kuna rekodi za kabla ya leo?"

Benchi lilikuwa gumu. Mama alikuwa akitazama ukuta, ametulia, kidole kimoja kikipapasa kichwa cha fimbo.

"Hakuna," Ganza alisema. "Kifaa kilikuwa na hitilafu. Kimeanza kufanya kazi juzi."

"Huna chochote?"

"Hicho hicho alichokuonyesha mke wangu."

Iradukunda alimtazama kwa muda. Kisha akashusha mikono ya sweta, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto, akaivuta mpaka kwenye vidole, na hakusema tena, hata alipoulizwa. Walimweka ndani.

Kanisani habari zilienea. Kina mama walikuja na ndizi na maziwa, wakamwombea Bibi Nyiraneza mguu wake na nyonga yake. Naye, baada ya siku kadhaa, alitangaza kwamba hana kinyongo. Alipelekwa kituoni kwa gari la mchungaji, akaondoa malalamiko yake, akasema yule ni mtoto wa watu na dunia imemharibu, na msichana akaachiwa. Jumapili alisimamishwa mbele ya waumini kama mfano wa kusamehe. Watu walipiga makofi. Mwanamke mmoja alilia. Ganza alipiga makofi pia, kwa kuwa alikuwa amekaa safu ya mbele.

Aliyekuja kuchukua mfuko wa nguo za Iradukunda ni shangazi yake, Mukandayisenga, aliyekuwa akiuza viazi Busanza na ambaye hakuna mtu katika nyumba ile aliyejua kwamba yupo. Msichana alibaki nje ya geti, kichwa amekifunga kitambaa, akitazama barabara. Alikuwa amekonda.

Ganza alileta mfuko. Shangazi aliufungua palepale, akahakikisha, akaufunga. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye udongo kwenye kucha.

"Nimekuja na swali moja, mzee," alisema. "Huyu mtoto anasema ulikuwa unaona. Mimi nimemwambia haiwezekani, mtu mwenye mama hawezi. Nimemwambia labda kamera ilikuwa imekufa. Ni kweli ilikuwa imekufa?"

Trinah alikuwa kwenye ngazi za baraza, na chupa ya chai mkononi. Ganza alijua yuko pale.

"Ilikuwa imekufa," alisema.

Shangazi akaitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama anayepokea rambirambi. Akatoka nje. Ganza alimsikia akimwambia msichana kwa Kinyarwanda kwamba ni kama alivyosema, ile kamera haikuwa inafanya kazi. Iradukunda akakaza kitambaa kichwani. Wakashuka na barabara kuelekea kituo cha basi, shangazi na mfuko kichwani, msichana nyuma yake.

Trinah hakupandisha sauti. Aliweka chupa mezani, akamfuata chumbani, akafunga mlango.

"Nasiri nilimpigia jana," alisema. "Nilitaka anionyeshe hitilafu ilikuwa wapi. Akasema hakukuwa na hitilafu. Nikamuuliza basi kulikuwa na nini. Akasema nikuulize wewe."

Ganza akakaa kitandani.

"Uliona?"

"Niliona."

"Mara ngapi?"

Ganza akazungusha mkanda wa saa kwenye kifundo cha mkono. Trinah alisubiri jibu hilo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, kisha akashusha sanduku kutoka juu ya kabati.

"Mimi ndiye niliyempigia polisi," alisema akikunja nguo. "Umeniacha nikampigia polisi. Umenikalisha pale nikaitazama mikono ya yule msichana, na ukanyamaza."

"Ni mama yangu, Trinah."

"Najua ni nani." Akafunga zipu. "Sasa najua."

Alikwenda kwa dada yake Kanombe. Kesho yake alimpigia simu shangazi wa Iradukunda, lakini shangazi alipomtambua sauti alikata. Alikwenda mwenyewe Busanza akatafuta, na majirani wakamwambia yule binti amerudishwa kwao kusini, kwamba hapendi tena kusikia habari za mji. Alikwenda pia kituoni, akamweleza yule ofisa aliyoyajua. Ofisa alimsikiliza vizuri, akamuuliza kama ana rekodi. Hakuwa nayo. Akamuuliza kama msichana yuko tayari kuja kusema. Trinah akasema hajui alipo. Ofisa akafunga kalamu yake, akamwambia akimpata amlete.

Nyumbani Kabeza Ganza alijifunza kupika. Alikuwa akirudi kutoka Sonatubes kabla giza halijaingia, anavua koti, anawasha gesi. Kamera zilikuwa bado zimewaka. Hakuwa amezigusa, na programu ilikuwa bado inamletea arifa kila alipoingia jikoni, simu ikitetemeka mfukoni mwake kumjulisha kwamba kuna mtu.

Mama alikuwa akija kukaa kwenye kigoda karibu na mlango, kumtazama. Nyonga ilikuwa imepona vizuri. Aliongea juu ya mahubiri, juu ya bei ya nyanya, juu ya mkwe aliyemjua tangu mwanzo kuwa si wa kudumu.

"Ugali wako una mabuje ya unga," alisema jioni moja.

"Samahani, mama."

"Si kosa lako. Hii si kazi ya mwanaume. Tafuta msichana." Akafikiri kidogo, mikono imepumzika juu ya fimbo. "Lakini mtafute wa mbali, baba. Mbali kabisa. Hawa wa karibu wana mashangazi."

Ganza alikuwa amempa mgongo. Aliendelea kukoroga mpaka mvuke ukamwingia machoni.

"Sawa, mama," alisema.

Asubuhi, alipofika ofisini, kabla hajafungua faili hata moja, alimpigia simu mtu mmoja anayejua kuleta wasichana kutoka vijijini, akamwambia anachotaka.